Kikohozi cha Jukwaa la Juani

Kama umewahi kukalia kochi la Kipaza, basi umekalia nusu ya nyimbo za timu yake. Kipaza hakutunga kwa kalamu. Alitunga kwa nyundo, misumari midogo kaibana katikati ya midomo, akigongelea kitambaa kwenye mbao huku mabega yakicheza yenyewe. Wateja walishamzoea. Ukipita nje ya karakana yake ukasikia nyundo inagonga kwa mpangilio, ujue Jumapili kuna wimbo mpya, na kochi lako bado sana.

Jina la Kipaza alipewa uwanjani, kwenye jukwaa la juani, lile lisilo na paa wala viti vya maana. Alisimama pale mbele kwenye chuma cha uzio, mgongo kwa wachezaji, uso kwa watu. Mechi nyingi hakuziona kabisa, alizisoma kwenye nyuso za wenzake. Akiinua ngumi juu, jukwaa zima hunyamaza kimya, kwa sababu kila mtu anajua ngumi ile maana yake ni wimbo mpya. Wakubwa wangapi wana watu wa kuwanyamazia hivyo? Na huyo huyo, nyumbani kwake hata paka hamsikilizi.

Aliyempeleka mpirani mara ya kwanza alikuwa Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea. Mama Mkubwa alikuwa akijaza mifuko kwenye kiwanda cha saruji. Siku za mechi alitoka kazini na vumbi kwenye nyusi, akamweka mtoto mabegani, wakaenda kuitazama timu ambayo wakati ule haikuwa na hata jezi za kubadilisha. Ikifungwa, walirudi kwa miguu wakilia wote wawili, na mama wa watu hakuona aibu.

Matajiri walikuja baadaye. Walikuwa ndugu wawili, wakanunua kile kiwanda cha saruji, kisha wakanunua na timu. Timu ikapata basi lenye kiyoyozi, kocha kutoka nje na mshambuliaji ambaye wapinzani walikuwa wakimwota usiku. Makombe yakaanza kuja. Kipaza aliwapenda ndugu wale kama mtu anavyompenda mgeni aliyeingia na zawadi. Hakuuliza imetoka wapi.

Mama Mkubwa alikuwa ameshaacha kazi, au tuseme kifua ndicho kilichomwachisha. Alikaa chumba kinachopakana na cha Kipaza. Uwanjani hakwenda tena kwa sababu ya ngazi, ila hakuna mechi iliyompita redioni. Usiku alikohoa, asubuhi alikohoa, na kile kikohozi kilishakuwa cha nyumba, kama mlango unaolia kila ukifunguliwa. Mwenye nyumba hausikii mlango wake.

Basi asubuhi moja redio ikapiga simu kwa mwanamke aliyewahi kufanya kazi kiwandani. Jina hakulitaja. Akasema mabosi wa timu wanasifiwa kwa makombe huku watu wao wanajaza saruji bila hata barakoa, na vifua vinaoza. Kipaza hakusikia hata neno moja. Alikuwa anakata mbao, na msumeno wa umeme hauna urafiki na redio. Habari aliletewa na wenzake wa tawi la mashabiki, walioingia karakana wakiwa wamefura kama waliotukaniwa mama zao.

Mmoja akasema huyo bibi katumwa na wapinzani. Wa pili akasema vumbi lipo kila mahali, hata uchochoroni kwake lipo, na yeye hakohoi. Wa tatu, ambaye kaka yake mwenyewe anafanya kazi kule kule, akasema asiyetaka vumbi akaombe kazi benki. Mwenyekiti wa tawi, mtu mzima na miwani yake, alikuwa na swali moja tu: kwa nini aseme sasa, wakati tunaongoza ligi? Hapo utashangaa. Watu wazima, wengine wana wajukuu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama jambo lenyewe ni kweli. Wakamgeukia Kipaza, wakamwambia huyo bibi anajibiwa Jumapili, tena kwa wimbo.

Kipaza akauliza alisemaje hasa. Wakamwambia alikuwa anakohoa tu, hata kusema alishindwa. Basi akatia misumari mdomoni, nyundo ikaanza. Haukupita muda mrefu akaitema misumari kiganjani, akaimba: "Pole bibi, kunywa maji, timu ina wenyewe." Halafu akakohoa. Kifupi, kifupi, kisha kirefu chenye mluzi mwishoni. Walicheka mpaka mmoja akakalia gundi mbichi. Mwenyekiti akafuta machozi, akamuuliza kikohozi cha namna ile kakitoa wapi. Kipaza akajibu kwamba kimekuja chenyewe.

Jumapili akainua ngumi. Jukwaa likanyamaza, akawapa wimbo, nao wakaupokea. Nimewahi kusikia watu wengi wakiimba pamoja. Watu wengi wakikohoa pamoja sikuwahi, na sitamani. Jukwaa zima, kifupi, kifupi, kirefu, na ule mluzi mwishoni wanauvuta kwa raha zao. Kule kwenye jukwaa la wakubwa, kwenye kivuli na viti vyenye mito, yule mkubwa kati ya wale ndugu matajiri alisimama. Akatoa leso, akaiweka mdomoni, akawakoholea na yeye huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Juani watu nusura washuke uwanjani kwa furaha.

Kipaza alirudi nyumbani jioni sauti imemkauka, moyo umejaa. Alimkuta Mama Mkubwa kakaa kitandani, redio mapajani, imezimwa. Hilo lilikuwa jambo geni, kwa sababu maongezi ya baada ya mechi ndiyo yaliyokuwa starehe yake. Akamwamkia, akaitikiwa. Akasema wameshinda.

"Nimesikia," alisema Mama Mkubwa, halafu akakohoa.

Kifupi, kifupi, kirefu chenye mluzi mwishoni.

Kipaza alibaki ameshika kitasa. Akaomba moyoni iwe kasikia vibaya, ukuta wa jirani, mtu anapita nje, chochote. Kikaja tena, kile kile, hakikukosea hata pale penye mluzi. Miaka yote kilikuwa kinapita ukutani na kuingia masikioni mwake akiwa amelala, na alipotafuta kikohozi cha kuchekesha watu, akakitoa hicho hicho.

"Mama Mkubwa, ni wewe uliyesema redioni?"

"Ni mimi. Nilitaka nikuambie kabla, ukasema tutaongea baada ya mechi."

Akaketi sakafuni. Akasema hakuisikiliza ile redio, alikuwa anakata mbao, waliomweleza ni watu wa tawi. Mama Mkubwa aliitikia kwa kichwa kwamba anajua.

"Hilo ndilo lililonishtua, mwanangu," alisema. "Kucheka, watu hucheka. Lakini wewe umenijibu hata hujanisikia."

Kisha akamwambia yote aliyoyasema, taratibu, akipumzika kati ya maneno. Kwamba hakumtukana mtu. Kwamba goli likifungwa anashangilia kama wengine wote. Kwamba wenzake wawili wa mstari wa mifuko wameshazikwa, na waliobaki wanajifunga vitambaa vya magauni yao puani. Alichoomba kilikuwa barakoa. Kipaza alisikiliza mpaka mwisho, akaona aibu inamtambaa mwilini kama homa.

Kesho yake alikwenda tawini kuomba arudishiwe wimbo wake. Alikuta ngoma mpya zimepangwa ukutani, ngozi bado inanukia, zimeletwa na mabosi kama shukrani. Akasema wimbo ule haufai, waache. Wakadhani anatania. Akataka kuwaambia ni nani, lakini mezani pale pale walikuwa wanajadili namna ya kumjua bibi yule na anakoishi, na Kipaza akameza maneno. Mwenyekiti akamshika bega kwa upole, akamwambia wimbo ukishaingia kwa watu si wako tena. Njiani watoto walikuwa wanakimbizana wakikoholeana. Mteja mmoja, mwenye kochi la kijani karakana, alimsalimia kwa kikohozi, akangoja asifiwe.

Maji yakimwagika hayazoleki, hilo Kipaza alilijua tangu utotoni. Alichokuwa hajakijua ni kwamba Mama Mkubwa ameshapiga pasi jezi yake ya zamani, ile ya wakati wa shida, na kwamba Jumapili anakwenda uwanjani. Alimbembeleza. Alimwambia habari za ngazi, za jua, za watu. Mwisho akamwambia ukweli, kwamba anawaogopa watu wake mwenyewe.

"Si mmeimba timu ina wenyewe?" alisema Mama Mkubwa. "Mimi niliipenda kabla hao hawajajua hata rangi zake. Siwezi kujificha kwangu."

Walipanda ngazi kidogo kidogo, wakipumzika. Juani walipoona Kipaza kaja na mama yake, heshima ilimwagika. Wakampisha mahali pazuri karibu na chuma, wakamfunika kichwa kwa skafu ya timu, wakamwita Mama Jukwaa. Mwenyekiti mwenyewe aliinama kumwamkia. Mama Mkubwa alitabasamu kama binti. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililokuwa linamtesa Kipaza. Akaanzisha nyimbo za zamani, moja baada ya nyingine, bila kupumzika, ili wasipate nafasi ya kuukumbuka ule.

Kisha mshambuliaji akafunga. Mtu akawasha fataki ya moshi wa rangi za timu, na upepo ukauleta wote mbele. Mama Mkubwa akakohoa.

Kifupi, kifupi, kirefu.

Mwanamume aliyekaa nyuma yake akacheka kwa furaha. Akasema kumbe mama naye anaujua, na akamfuata. Safu yake ikafuata, kisha safu ya juu, kisha ngoma mpya zikashika, na jukwaa zima likaanza kukohoa. Mama Mkubwa aliinama, mkono ukitafuta maji hewani. Waliokaa karibu waliuona ule mkono, wakadhani anacheza, wakampigia makofi kwa mdundo wake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa wanamshangilia.

Akainua uso, akamtazama Kipaza. Hakuwa na hasira. Alimtazama tu, kama mtu anayetaka kuona utafanya nini.

Kipaza akainua ngumi.

Jukwaa likanyamaza, kama siku zote. Ngoma zikakatika katikati ya pigo. Mwenyekiti alibaki fimbo ya ngoma juu, uso umechanua, anangoja wimbo mpya. Kipaza hakuwa na wimbo. Alikuwa na ngumi tu.

Katika kimya kile akabaki mmoja aliyeshindwa kunyamaza. Kifupi, kifupi, kirefu chenye mluzi mwishoni. Watu wakatabasamu, wakingoja. Kikaja tena, na tena, na kila mara ule mluzi ulitoka mbali zaidi. Tabasamu zikaanza kuondoka, uso mmoja mmoja, kuanzia safu ya mbele kwenda juu. Yule mwanamume wa nyuma aliviangalia viganja vyake vilivyokuwa vinapiga makofi. Mwenyekiti akashusha fimbo polepole, akavua miwani. Yule mwenye kaka kiwandani akakaa chini, akashika kichwa. Kutoka juu kabisa chupa ya maji ikaanza kushuka, mkono kwa mkono, na kila aliyeipokea aliipitisha haraka.

Huko chini mpira ulikuwa unaendelea, na ng'ambo, kwenye kivuli, ndugu wawili walikuwa wamesimama wakichungulia kujua juani kumekuwaje. Kipaza hakuishusha ngumi mpaka Mama Mkubwa alipomaliza kukohoa.