Dirisha la Treni ya Bukene

Nilikosea tangu mwanzo: nilikodolea macho dirisha, nikaacha kumtazama bibi yangu. Nilikumbuka hayo juzi stesheni ya Tabora, nilipomwona mtoto akifuta kioo cha behewa kwa mkono wa sweta.

Nikiwa mtoto, mimi na bibi tulikuwa tunatoka Ng'ambo, pale Tabora, kwenda Bukene. Bibi alikuwa ameniahidi kwamba kabla hatujafika angenionyesha nyumba alimozaliwa, yenye uzio wa minyaa. Nilitaka nione kila kitu, nisikose hata mti mmoja. Lakini mvua haikukatika njia nzima, na behewa lilinuka nguo mbichi na michembe, vile viazi vikavu tulivyokuwa tukitafuna.

"Mume wangu, utakitoboa kioo cha watu," bibi alinitania. Ndivyo alivyozoea kuniita.

"Sioni kitu, bibi."

"Ile pale. Mama anaanua michembe, isilowe."

Niliona ukungu mtupu. Nilifuta tena, nikaanza kulia, nikiamini macho yangu ni mabovu kuliko ya mzee. Wala sikujiuliza mama yake bibi angekuwa na umri gani. Bibi aliendelea kutazama, nami nilikuwa nimempa kisogo.

Baadaye sana niliambiwa kuwa ile nyumba ilibomoka kabla sijazaliwa. Bibi naye ametangulia. Nimeshapita tena pale, jua likiwaka. Kioo kilikuwa safi, niliona mashamba hadi mbali, na hapakuwa na mtu wa kunionyesha nyumba.