Msusi Aliyemkuta Mama Yake Ukutani

Saa moja asubuhi, Shanga ameshaanza kazi. Vidole vinapishana kwenye kichwa cha mteja wa kwanza, kitana amekichomeka kwenye nywele zake mwenyewe, na mdomo haupumziki. Tangu Jumapili anasimulia jambo moja tu.

"Mama yangu yuko ukutani, jumba la sanaa la taifa. Nendeni mkamwone."

Shanga, aliyebandikwa jina hilo kwa shanga anazomalizia misuko yake, anasukia kwenye kibanda cha bati nyuma ya soko kuu. Kazi ameirithi kwa mama yake, aliyesuka barazani mpaka vidole vikakataa kukunjika.

Habari aliletewa na mteja, mwalimu aliyekuwa amewapeleka wanafunzi wake kutazama picha. "Dada, kule kuna msusi kachorwa. Ni wewe mtupu."

Jumba lenyewe hulipita kila siku, hajawahi kuingia. "Nilidhani ni la watu wa suti," anasema.

Jumapili akamshika mama mkono, wakaenda. Mlinzi alipowafuata mlangoni, Shanga alijua wanarudishwa. Kumbe mlinzi alikuwa na lake. "Shikamoo mama. Ukichoka, kila chumba kina benchi."

Chumba cha tatu, wakasimama. Pichani, mwanamke kijana, mgongo wima, uzi mdomoni, anamsuka mtoto aliyekunja uso.

Mama alitazama weee, kisha akasema, "Ni yule mvivu."

Shanga hakuelewa. Mama akamweleza: zamani kulikuwa na kijana aliyeshinda ng'ambo ya barabara na makaratasi yake, akimkodolea macho. "Nikamwambia, mwanangu, katafute kazi."

"Na huyu mtoto?"

"Nani mwingine alikuwa ananuna hivyo akisukwa?"

Shanga alicheka huku machozi yanamtoka.

Chini ya picha paliandikwa: Msusi asiyejulikana. Shanga alipomsomea, mama alikasirika. "Asiyejulikana na nani? Mtaa mzima ulikuwa unanijua."

Mlinzi akamwita mtunza picha, binti mpole, aliyeketi nao benchini akasikiliza mpaka mwisho. Mchoraji alishafariki, akawaambia, ila mjane wake yupo. Akampigia simu palepale, akaweka sauti ya juu, akauliza kama marehemu aliwahi kumtaja mwanamke wa kwenye picha.

Mjane akacheka. "Jina hakulijua. Ila mpaka anakufa alikuwa akisimulia kwamba yule msusi alimwambia akatafute kazi."

Benchini hakuna aliyebaki ameketi. Hata mlinzi alipiga makofi.

Jumamosi hii kibao kipya kinabandikwa, chenye jina kamili la mama. Shanga atafunga kibanda, awakusanye wanawake wote waliowahi kusukwa pale barazani, waingie kwa pamoja kwa mlango wa mbele. Mjane naye ameahidi kufika. Mama ana sharti moja: mvi zake zisukwe mtindo uleule wa kwenye picha.

"Nataka watu wamtazame ukutani," anasema Shanga, "halafu wageuke wamkute amesimama."