Siku Gari Lilipoacha Kuchemka

Mtaani walimwita Rubani, lakini mtu asije akadhani aliwahi hata kuisogelea ndege. Alikuwa mpiga picha za pasipoti. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wainue kidevu na waonyeshe masikio, kisha kubonyeza kitufe mbele ya pazia jeupe ambalo mkewe alilifua mara kwa mara, maana vichwa vya wateja viliacha mafuta. Jina la Rubani lilitokana na gari. Alikuwa na gari la spoti la zamani, la viti viwili, lililokaa chini kiasi kwamba kuingia ndani yake ni kama kuingia uvunguni mwa kitanda. Kila alipotaka kuliendesha alivaa miwani myeusi na glavu za ngozi zilizokatwa vidole, akakohoa kidogo, akatangaza, "Tunaondoka." Wakaondoka kweli. Wakafika kwenye kituo cha mafuta, au siku ya bahati kubwa wakafika mbele ya hospitali, na hapo gari likachemka.

Rubani hakuona aibu, maana aibu nayo inahitaji akili kidogo. Alishuka taratibu, akafungua boneti, akakunja mikono kifuani huku mvuke ukimpanda hadi kidevuni. Wapita njia wakikusanyika, anawahutubia. "Hii ni injini ya mbio, ndugu zangu. Haikutengenezewa foleni." Na watu wazima na akili zao wanatikisa kichwa kwa heshima! Mkewe alibaki ndani, dumu la maji katikati ya miguu, akisubiri hotuba iishe. Yeye alijua injini haina kosa. Tatizo ni rejeta, nayo ilikuwa imeziba kwa kutu ya miaka mingi ya kunyweshwa maji ya bomba, na mapezi yake yamelala kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe.

Mke huyu alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mdomo wake ulikuwa mkali, masikio makali zaidi. Chumba chake cha kushonea na studio ya mumewe vilitenganishwa na ubao mwembamba tu, hivyo kila mume alipopiga simu, mke alisikia hata anavyomeza mate. Ndivyo alivyopata kuzijua simu za mumewe kwa dada yake.

Dada alikuwa ndiye mkubwa wao, na ndiye aliyemlea Rubani baada ya wazazi kufariki. Alipika katika jiko la shule, akaunguza mikono kwenye masufuria ya wanafunzi mia kadhaa, ili mdogo wake asome na avae viatu. Sasa alikuwa mzee, akiishi peke yake kwenye mji mdogo ng'ambo ya milima. Rubani alimpigia simu kila Ijumaa, hilo tumpe haki yake. Lakini sasa mambo aliyokuwa akimwambia!

"Studio imepanuka, dada. Nimeweka vijana wa kunisaidia."

Mkewe, upande wa pili wa ubao, alisimamisha cherehani. Vijana gani? Mle ndani kulikuwa na kioo, stuli na feni mbovu.

"Gari? Jipya, dada, la spoti. Jekundu, linawaka hilo! Ukilipanda utadhani unapaa."

Rangi ya gari lile ilikuwa imepauka hadi ikafanana na bazoka iliyotafunwa mchana kutwa. Dada aliamini kila neno. Aliwahadithia majirani, aliwahadithia wapishi wenzake wa zamani, na kila simu ilipokatwa alibaki amevimba kwa fahari. Mkewe Rubani alikuwa akisema moyoni kwamba mtu anayemtilia chumvi mwanamke kama yule anastahili kuchapwa na mwiko uleule uliomlea.

Kisha dada akaanza kuumwa macho. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba uoni wake unajifunga kutoka pembeni, polepole, kama mlango unaosukumwa na upepo. Akapiga simu mwenyewe, na siku hiyo haikuwa Ijumaa.

"Mdogo wangu, njoo nikuone. Sitaki uniletee kitu. Nataka nikuangalie uso wako kabla giza halijaingia."

"Nakuja, dada. Nikishatengeneza rejeta tu."

Mkewe alimngoja akate simu. "Kuna basi kila asubuhi," akasema kupitia ubao.

"Basi? Mimi niteremke kwenye basi na begi begani, dada yangu ananiangalia? Ataniona vipi?"

"Atakuona kwa macho, bwana. Yakiwepo."

Hakwenda. Wiki ziliingia, zikatoka, na kila Ijumaa rejeta ilitajwa kama mgonjwa mahututi aliyelazwa ndani ya nyumba yao. Mkewe akachoka. Asubuhi moja alikunja kazi yake, akaingia kwenye gari, akakaa na dumu lake miguuni, akamwambia mumewe aendeshe hadi kwa fundi wa rejeta, na kama likichemka njiani atalisukuma yeye mwenyewe. Lilichemka. Akalisukuma.

Fundi wa rejeta naye alikuwa wa aina yake, mtu wa kujipiga kifua kabla hajashika spana. Alisikiliza injini kwa muda mfupi, akafumba macho kama anayesikiliza mpenzi. "Hili ni dogo, mama. Tunatoa thamostati, ile inayozuia maji, linapoa lenyewe."

"Thamostati aliitoa fundi wa kwanza," mke akajibu. "Wa pili akaitafuta aitoe tena. Wewe mwenyewe wa tatu. Badilisha rejeta, na thamostati mpya irudi mahali pake."

Akavuta tairi bovu, akalikalia katikati ya yadi, na wote wawili wakaelewa kwamba hapo haondoki mtu.

Rejeta ya zamani ilipong'olewa na kuinamishwa, ilitoa uji mwekundu mzito. Fundi akafuta viatu vyake. Akaleta rejeta ya aluminiamu, nene na pana kuliko ile, iliyotoka kwenye gari lingine lililogongwa nyuma. Haikukaa vizuri mara ya kwanza. Ilibidi akate ncha za vishikio vya chini, achomelee vingine, kisha aweke vipande vya mpira chini ya rejeta ili mtikisiko usiipasue. Ile feni ya zamani ya injini iliyopoteza panga moja ikatupwa, ikafungwa ya umeme. Injini ikasukutuliwa kwa maji hadi yakatoka meupe.

"Hii itaharibu uasilia wa gari," Rubani alisema. Alikuwa anazunguka na miwani yake usoni, anagusa hiki na kile, anawakwaza wenzake.

"Uasilia upi?" mkewe akamuuliza. "Ule wa mvuke?"

Fundi akacheka hadi akaangusha bisibisi. Wakajaza kulanti ya kijani badala ya maji, wakainua pua ya gari kwa jeki, wakawa wanaminya mipira ya maji huku mapovu yakitoka mdomoni mwa rejeta mpaka yakaisha.

Walilijaribu kwenye mlima wa hospitali. Fundi aliendesha, Rubani akakaa pembeni, mke akasubiri chini. Walipanda, wakashuka, wakapanda tena katikati ya foleni ya jua kali. Waliporudi, mshale wa joto ulikuwa umesimama katikati, hautikisiki. Fundi alipiga makofi, akajisifu kwa sauti ya kusikika barabara nzima. Mke akamtazama mumewe akitegemea kuona furaha.

Uso wa Rubani ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyefiwa. Aliinama kwenye dashibodi, akagonga kioo cha mshale kwa ukucha. "Labda umekwama," akasema.

Haukukwama. Gari lilikuwa limepona, na mwenye gari ndiye aliyeanza kuumwa. Wiki ya kwanza alisema taa moja ya mbele, zile za kuinuka kutoka kwenye boneti, haifumbuki. "Siwezi kufika kwa dada na gari lenye jicho moja."

Mkewe aliweka mkasi chini. "Dada yako anapofuka, wewe unalilia jicho la gari?"

Wiki iliyofuata ilikuwa matairi. Kisha ikawa wateja, eti wamezidi, na mkewe aliyesikia kila anayeingia na kutoka alijua kwamba siku ile aliingia mmoja tu, tena aliomba chenji. "Gari halichemki tena," alimwambia, "sasa unachemka mwenyewe." Akatishia kwenda peke yake kwa basi. Rubani akamshika mkono, akamsihi asimvunjie heshima kwa dada. Mke hakwenda, na si kwa ajili ya heshima yake. Aliyeombwa uso si yeye.

"Basi jipige picha umpelekee," alimwambia. "Si kazi yako?"

Alisema kwa kejeli, lakini mume alikwenda. Mke alichungulia kwenye upenyo wa ubao akamwona ameketi kwenye stuli ya wateja mbele ya pazia, amejikaza, kidevu juu. Kamera ikalia, akainuka, akatazama, akafuta. Akaketi tena. Picha zilipita kwenye kioo cha kamera moja baada ya nyingine: mvi, mashavu yaliyolegea, pengo la jino la pembeni, mwanamume wa kawaida kabisa anayezeeka katika chumba kidogo. Alizifuta zote. Mke alipata huruma kidogo siku hiyo, na huruma yenyewe ikamkera. Kumbe bwana mkubwa aliogopa macho ya mpishi! Kwa simu angeweza kuwa yeyote. Mbele ya macho yale angekuwa huyu huyu.

Halafu simu ikapigwa mchana wa siku ya kazi. Aliyepiga alikuwa jirani wa dada, mama aliyekuwa akimsaidia kuteka maji. Mke alikuwa anabandika ukosi kwenye shati la mwanafunzi, pini mdomoni, na akasikia kila kitu.

"Haoni kabisa?" Rubani aliuliza. Akasikiliza. "Hata kivuli?" Akasikiliza tena. "Hata mwanga wa dirisha?"

Kisha akakata simu, na sauti yake ilipopita kwenye ubao ilikuwa nyepesi kama ya mtu aliyeteremshiwa mzigo kichwani.

"Mke wangu, jiandae. Kesho tunakwenda kwa dada."

Pini zilimwanguka mdomoni. Rubani hakusema taa wala tairi. Taa ile ilikuwa bado haifumbuki. Mke alikaa na ukosi mkononi, akaelewa kwamba mumewe hakuwa anachelewa miezi yote ile. Alikuwa anasubiri.

Asubuhi yake Rubani hakunyoa ndevu. Mtu ambaye hubadilisha shati kwenda kununua mkate alivaa lile la kufagilia studio, lenye ukosi uliochanika. Glavu hakuzikumbuka. Gari lilipanda milima yote ile kama limezaliwa jana, mshale katikati, feni ikivuma na kunyamaza kwa zamu yake, na dereva anapiga mluzi. Mke alitazama nje. Hakubeba hata dumu.

Walipofika, Rubani alilisogeza gari karibu kabisa na mlango, akakanyaga mafuta mara mbili ili lingurume. Jirani alitoka, akalitazama gari, akamtazama mwenye gari kutoka kichwani hadi miguuni, akarudi zake ndani bila salamu. Dada akatoka akipapasa ukuta. Alikuwa mdogo kuliko mke alivyomkumbuka, kitambaa chake kichwani kimefungwa vizuri, macho wazi yanatazama mahali pasipo na mtu.

"Ndilo hilo? Mungu wangu, lina sauti!"

"Ndilo lenyewe, dada. Yaani linang'aa hadi linaumiza macho."

Dada alicheka, akaunyoosha mkono. "Wifi naye yupo? Karibu, wifi yangu. Mmechoka, njia ndefu." Kisha akamvuta mdogo wake karibu, akamshika uso kwa mikono yote miwili, ile mikono yenye makovu ya masufuria. Alianzia kwenye paji la uso, akashuka kwenye nyusi, akapita kwenye mashavu bila haraka, kama anayechambua mchele. Vidole vilipofika kwenye midomo, vikasimama.

"Anacheka!" dada akasema, na machozi yakamtoka. "Wifi, si anacheka? Au vidole vinanidanganya? Anafurahi kuniona!"

Mke alitazama. Ni kweli, mumewe alikuwa anacheka, mdomo umeenda hadi masikioni, kicheko cha mtu aliyevuka kizuizi cha polisi na mzigo wake haukukaguliwa. Maneno yalimjaa mke kinywani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliyameza mengi, kwa sababu ya yule mama. Akabakisha machache.

"Anacheka, wifi," akasema, macho yake yakiwa yamemkazia mumewe bila kupepesa. "Mimi namwona."

Rubani akakutana na macho yale. Vidole vya dada vilikuwa bado juu ya midomo yake.

"Mbona umeacha?" dada akauliza.