Mwiba Usiokuwepo

Kliniki yangu iko Ruiru, upande wa Kimbo, na pale stejini pa matatu wananiita daktari wa soksi. Ukija na chunusi, nitakuambia uvue viatu. Ukija na mba, vua viatu. Wengine hukasirika, nami hukasirika zaidi, kwa sababu ngozi haiishii usoni.

Mama alifanya kibarua kwenye mashamba ya kahawa kule Thika. Alitokewa na doa jeusi kwenye kisigino, na sote tukasema ni mwiba. Jumapili baada ya kanisa aliketi mlangoni penye mwanga, akaniwekea mguu mapajani, nami nikautafuta mwiba kwa pini, maana nilikuwa na macho makali. Sikuupata. Tulipomzika bado niliamini kwamba kama ningechimba kidogo zaidi ningeutoa.

Chuoni, vitabu vya ngozi vilijaa Wazungu. Wekundu huu, wekundu ule, sijui tungeuona kwa nani Thika. Halafu siku moja mwalimu akatuonyesha picha ya unyayo wa mtu mweusi, una doa. Saratani ya ngozi, akasema. Wenzangu wakaandika. Mimi nikahisi uzito wa kisigino cha mama mapajani, na mpaka leo huja bila kupiga hodi.

Mwaka huu alikuja mama mmoja wa mtaa wa Landless, muuza mboga, uso umeungua kwa krimu za kujichubua.

"Daktari, shida yangu ni uso. Viatu ni za nini?"

"Vua tu, mama."

Alivua akinung'unika. Doa lilikuwa palepale, kwenye kisigino, limezungukwa na vitundu vya pini.

"Hiyo ni mwiba tu. Msichana wangu hunitafutia kila Jumapili, lakini imekataa kutoka."

Niliogopa. Nikakata kinyama kidogo kikapimwe.

Majibu yakarudi: ni saratani, ila ilikuwa bado juujuu. Akifanyiwa upasuaji mapema, kuna matumaini makubwa ya kupona. Nilipomweleza, nikamwomba arudi na msichana wake.

Msichana alikuja na sare ya shule, akasimama nyuma ya kiti cha mama yake.

"Daktari, mimi nilitafuta vizuri," akasema kabla sijamsalimu.

"Najua. Ulitafuta vizuri sana. Hakukuwa na mwiba."

Akaanza kulia. Mama yake akanishangaa mimi, kwa sababu nilikuwa nalia pia. Maneno hayo hakuna mtu aliyewahi kuniambia.