Bonge kwenye boksi la watoto

Jamani, leo nimemkuta Bonge, paka wetu dume, amelala kwenye boksi la watoto wa Pendo!

Pendo, paka wetu jike, mama yao, aligongwa na bodaboda jana hapa Themi. Akafa palepale.

Mama mkwe akapiga kelele: "Mtoe! Dume anakula watoto."

Nikamfukuza.

Watoto wakaanza kulia. Bonge naye akalia mlangoni, yeye ambaye siku zote ni ugomvi tu juu ya mabati.

"Mama, naomba nimjaribu," nikasema, nikafungua.

Akaingia, akawalamba, akajikunja.

Wanatafuta ziwa la kunyonya, hana.

Sasa wametulia kifuani kwake, ila naogopa hata kwenda jikoni kuwapashia maziwa.

Wenye paka, nyie mngemwacha nao?