Kitabu Kilichowashibisha Ndege

Saa tatu asubuhi, ufukwe wa Igombe, Mwanza. Ziwa limetulia, na dagaa walioanikwa tangu jua lilipochomoza wanang'aa juu ya chanja. Angani yangeyange wanazunguka polepole, weupe, wenye subira ya wageni waliosikia harufu ya jikoni.

Dorotea Shigela, 41, anafuta mikono kwenye kanga, anavaa miwani na kuketi juu ya beseni alilolipindua. Watoto wa ufukweni wanasogea mmoja mmoja. Leo ni Jumamosi, na kila Jumamosi mama huyu hufanya kazi mbili kwa mpigo: anakausha dagaa, na anapima vitabu vipya vya watoto na vijana.

Mizani yake ni ndege.

"Watoto ndio wanaofukuza ndege hapa," anaeleza. "Nikisoma, na wao wakaendelea kufukuza, kitabu hicho bado kibichi. Wakisahau fito zao, ndege wakashuka wakala, basi hicho kimeiva."

Kipimo hiki kilizaliwa kwa bahati mbaya. Miaka mitatu iliyopita, Adventina Kashaija, mhariri wa shirika dogo la vitabu mjini, alikuja kununua dagaa wa nyumbani kwake. Dagaa walikuwa hawajakauka. Ili kupoteza muda, akatoa mkobani kitabu kipya na kuwasomea watoto. Alipofika mwisho, chanja mbili zilikuwa nyeupe kwa ndege.

"Nilimwambia, dada, kitabu chako kimenitia hasara. Kitakuwa kizuri hicho," anakumbuka Dorotea, akicheka mpaka miwani inateremka.

Adventina hakucheka. Aliomba ruhusa ya kuyatumia maneno hayo. Leo nyuma ya jalada la kitabu kile pameandikwa: "Kimenitia hasara ya beseni zima la dagaa. Dorotea Shigela, mwanika dagaa, Igombe."

"Wateja husoma hapo, wakacheka, halafu wakanunua," anasema mhariri huyo. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini hata chema hakikatai kusukumwa kidogo.

Tangu siku hiyo, kila andiko jipya hupitia ufukweni kwanza. Dorotea halipwi, hupewa nakala, naye huzihifadhi nyumbani kwenye ndoo yenye mfuniko. Zote zinanukia dagaa. Kuna hadithi ya sungura anayehubiri usafi ambayo hataki hata kuitaja. "Ile? Ndege walifukuzwa mpaka nikawahurumia."

Hasara yenyewe si mzaha. Katika mwezi mzuri kazi hii humwachia kama laki mbili, na mvua zikianza, hata hiyo hupungua. Ndiyo maana wanawake watano wanaoanika pamoja wana desturi yao: ndege wakila kwa mmoja, wenzake humchangia kopo mojamoja.

Ng'washi, jirani yake wa chanja, ameshachangia mara nyingi. "Mimi sina ugomvi na vitabu," anasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ila napenda vile vibaya. Dagaa wangu hubaki."

Lakini ipo chanja moja ambayo haijawahi kuliwa. Iko mwisho kabisa, karibu na maji, na mlinzi wake ni Hellen, binti wa Dorotea, mwenye miaka kumi na mitatu. Fito yake ndefu ina mfuko wa nailoni uliofungwa nchani, nao unapepea kutwa.

Baba yake, Elias, alikuwa mvuvi wa dagaa na msimuliaji. Jioni kabla ya kwenda majini alikuwa akimwonyesha mtoto taa za wavuvi waliotangulia, na kila taa akiitungia kisa. Miaka minne iliyopita ulivuma upepo. Mtumbwi ulirudi. Elias hakurudi.

"Tangu hapo Hellen hataki hadithi," anasema Dorotea, sauti ikishuka. "Nikifungua kitabu, anakwenda kule mwisho. Wenzangu wananisifia, una mtoto hodari. Mimi naumia. Natamani siku moja ndege washuke wale kwenye chanja ya Hellen."

Leo Adventina ameleta andiko la vijana, karatasi zilizobanwa kwa kibanio. Linaitwa *Taa Iliyobaki Ziwani*. Ni kisa cha msichana anayehesabu taa za wavuvi, na taa moja ya kwao haionekani. Dorotea alikwishalisoma peke yake, na hakulala vizuri.

"Niliogopa. Nikisoma namuumiza mtoto. Nisiposoma mimi, atasomewa na nani?"

Anaanza. Anasoma taratibu, kwa lafudhi ya Kisukuma inayoyazungusha maneno kabla ya kuyaachia. Mwanzoni mfuko wa Hellen unasikika, pwaa, pwaa. Katika ukurasa wa pili unasikika mara chache. Msichana wa hadithini anapanda juu ya jiwe na kuiita taa kwa jina la baba yake, na hapo mfuko unanyamaza.

Yangeyange mmoja anatua kwenye chanja ya mwisho. Kisha watatu. Kisha hawahesabiki.

Ng'washi anawaona. Anainuka nusu, mdomo wazi. Dorotea, bila kuondoa macho kwenye karatasi, anamwekea mkono gotini. Ng'washi anarudi kukaa, na upesi anajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Hellen ameketi mchangani palepale aliposimama, fito mapajani. Mama yake anaposita kugeuza karatasi, binti anapaza sauti: "Mama, usiishie hapo!"

Mwandishi wa makala haya naye anagundua kuwa ameacha kuandika.

Adventina anauliza kwa upole, jaladani tuweke nini? Dorotea anaitazama chanja ya mwisho, iliyobaki na mikia mitupu.

"Andika, ndege wa Igombe wameshiba."

Ng'washi ameshakwenda. Anarudi na kopo la dagaa lililojaa pomoni, anawamwaga kwenye chanja ya Hellen na kuwasambaza kwa kiganja. "Haya, endeleeni," anasema. "Na Jumamosi ijayo msilete kingine kama hiki."

Dorotea anataka siku moja wawe na sanduku la bati la vitabu hapa ufukweni, watoto wa mialo mingine ya wavuvi waje wasome. Lakini akiulizwa anachotamani zaidi, hataji sanduku. "Asome Hellen. Mimi nishike fito."

Hellen amesikia. Anakuja mpaka kwenye beseni, analaza fito chini, anachukua karatasi mikononi mwa mama yake, anakaa. Anaanza kusoma kwa sauti ndogo, kisha kubwa kidogo.

Dorotea anaokota fito na kwenda kufukuza ndege. Hafiki mbali. Anasimama katikati ya chanja, mfuko wa nailoni umelala mchangani, anasikiliza. Yangeyange wanashuka tena.