Mtoto Anayejiziba Mdomo

Saa moja asubuhi mvuke umeshajaa chumba cha chini cha hoteli. Dobi mmoja mwembamba, kilemba kimemshukia hadi kwenye nyusi, anashika ncha mbili za shuka, anaikung'uta, anaiingiza kwenye mashine ya kunyoosha. Kwa kelele za mashine, humu ndani hakuna kuongea, ni kupayuka. Wenzake wanapayuka, wanataniana, wanavunjika mbavu. Yeye anawajibu kwa kichwa.

Wanamwita Mama Kibibi. Kibibi ni bintiye anayekaribia miaka miwili, aliyerithi jina la bibi yake. Waliingia nchi hii mtoto akiwa bado mchanga, wakimfuata baba aliyetangulia kutafuta maisha.

"Alitupokea na maua," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Maua, jamani! Mtu sijala tangu jana, nepi zimeisha, naletewa maua. Lakini nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilijua nimefika."

Haikuchukua muda, bwana huyo akaingia mitini. Mpaka leo simu yake haipatikani.

Mama Kibibi akabaki na mtoto mgongoni, akibisha milango ya watu. Kila mwenye nyumba alimtazama, akamtazama mtoto, akasema vyumba vimejaa. Mmoja tu ndiye aliyelegea, naye kwa sharti: siku atakayosikia mtoto analia, wahame siku hiyohiyo.

Chumba chenyewe ni kitanda, jiko la umeme na dirisha linalotazama ukuta. Anaishi humo na dada mmoja wa kwao, mlinzi wa zamu ya usiku. Dobi akitoka asubuhi, mlinzi ndiyo kwanza anaingia, macho mekundu. Huyo ndiye yaya. Analala, na Kibibi anakaa pembeni yake na kikombe cha plastiki.

"Naamka mchana namkuta palepale nilipomwacha," anasema mlinzi. "Nikawa namsifu. Kumbe nasifu msiba."

Na kweli alisifiwa. Mtoto gani huyu, hana usumbufu, utadhani hayupo! Hakuna aliyejua malezi yake yalivyokuwa. Kibibi akikunja uso tu, mama alimpa titi. Akichelewa kumpa, alimziba mdomo kwa kiganja, taratibu, huku akimbembeleza sikioni. Kicheko nacho kilizibwa, maana kuta zile ni nyembamba na mwenye nyumba anaishi upande wa pili.

"Sikumpiga hata siku moja," anasema Mama Kibibi. "Nilimziba kwa mapenzi. Nilikuwa naogopa tutalala nje."

Mwaka huu alimpeleka kliniki kwa sababu mtoto hasemi neno. Alishajiandaa kuambiwa ni kiziwi. Wakiwa wanasubiri, sinia la chuma likamponyoka muuguzi. Kibibi akaruka. Machozi yakamtiririka, kifua kikapanda na kushuka, na mkono wake mdogo ukaenda wenyewe kuziba mdomo wake.

Muuguzi akaliacha sinia chini. "Masikio yake ni mazima, mama," akamwambia. "Huyu amefundishwa."

Mama Kibibi anasema hakumbuki alifikaje nyumbani. Anakumbuka alimkalisha mtoto kitandani, akampigia magoti. "Nikamwambia lia, mama yangu, lia, tufukuzwe potelea mbali. Ananitazama tu. Anadhani namtega."

Siku zote bibi, mama mzazi wa dobi, alipopiga simu kutoka kwao kutaka kumsikia mjukuu wake, aliambiwa amelala. Safari hii akaelezwa ukweli wote.

"Niletee mjukuu wangu," akasema. "Huku binamu zake hawafungi domo, kuku hawafungi domo, na mimi mwenyewe unanijua."

Mlinzi anakwenda likizo wiki ijayo, naye ndiye atakayembeba Kibibi. Dobi hawezi kwenda: vibali vyake havijakamilika, akitoka harudi, na mshahara huu ndio unaomlisha bibi mwenyewe. Kwa hiyo anabaki, mtoto anaondoka. Watatenganishwa kwa muda gani, hajui. Anaomba uwe mwaka.

Ameshapanga nguo kwenye begi. Anazitoa, anazinusa, anazikunja upya. Kibibi amekaa kitandani anamwangalia.

"Najua kitakachotokea," anasema, akijifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Siku mdomo wake utakapofunguka, atamwita mama yangu ndiye mama. Na amwite. Atakuwa hakukosea."

Anafunga zipu ya begi.

"Nimewaomba kitu kimoja tu, siku hiyo wasinifiche. Wanipigie, hata nikiwa kazini. Nitaziacha mashine, nitoke nje, niweke simu sikioni. Wala wasimwambie kama ni mimi. Nitanyamaza tu, nimsikilize."